Bima ya kujinunulia: anza na kitanda cha hospitali

*Shikamoo mama. Nina miaka 43, naishi Bamburi na mwanangu mmoja wa miaka 16. Nilikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli ya ufuoni, na bima ya matibabu nilipewa na mwajiri. Mwezi huu naacha kazi ili nishone nguo dukani kwangu, na bima hiyo inakatika tarehe 31. Nina presha. Dawa za mwezi hunigharimu Sh1,200, na daktari humwona mara nne kwa mwaka, kila mara Sh1,500. Ajenti ameniletea karatasi mbili. Ya kwanza ni ya kulazwa tu, hadi Sh1,000,000, kwa Sh31,000 kwa mwaka. Ya pili ni ya kulazwa hadi Sh500,000 kwa Sh24,000, pamoja na matibabu ya nje ya Sh50,000 kwa Sh22,000, jumla Sh46,000. Anasema nichukue ya pili kwa sababu nitaitumia kila mwezi na pesa zangu hazitapotea. Pia ameniambia nisiandike presha kwenye fomu, eti itapandisha bei. SHA, bima ya afya ya serikali, walikuwa wakinikata kwenye mshahara; nafikiri niiache nilipie hii ya kampuni. Nichague ipi? — Mshonaji, Bamburi*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa duka.

Chukua karatasi ya kwanza. Presha iandike. SHA usiiache. Nitakueleza kirefu, kwa sababu uamuzi huu sasa unaufanya peke yako, bila ofisi ya kukusomea mkataba, na ajenti uliye naye ameshakupa ushauri mbaya mara mbili.

Nilifanya kazi kwenye dirisha la bima la hospitali moja ya kibinafsi hapa Mombasa mpaka nilipostaafu. Nilikuwa nikipokea kadi ya mgonjwa, kuipigia kampuni simu, kuomba barua ya dhamana, yaani ahadi ya kampuni kwamba italipa bili, kisha kuwaambia jamaa zake kampuni imesema nini. Sikuwahi kumwona mtu akilia kwa bili ya malaria. Waliolia ni wale ambao ndugu yao amepasuliwa, au yuko katika chumba cha wagonjwa mahututi, na kava imekwisha. Nimewaona watu wakiingia na kava ya Sh300,000 na kuimaliza kabla ya wiki kuisha, mgonjwa bado yuko kwenye mashine. Ndiyo maana kila anayetaka kujinunulia bima humwambia aanze na kitanda. Kliniki itafuata siku mkono ukiruhusu.

Tupige hesabu yako. Dawa za mwaka ni Sh14,400. Daktari ni Sh6,000. Jumla Sh20,400. Ajenti anakutoza Sh22,000 ili kampuni ikulipie Sh20,400! Na hata hizo, mwaka wa kwanza huenda usizione, kwa kuwa presha ni ugonjwa unaoingia nao, na kampuni nyingi haziugusi ugonjwa wa namna hiyo kabla ya miezi 12. Utakuwa umelipa bima na bado unanunua dawa mfukoni. Gharama unayoijua kiasi chake na siku yake ni kama bili ya stima: itengee pesa zake. Bima inunulie lile usilojua litakuja lini na ambalo duka lako haliwezi kulibeba.

Sasa tazama upande wa kulazwa. Kutoka nusu milioni hadi milioni nzima unaongeza Sh7,000 tu. Bei hupanda kidogo hivyo kwa sababu wanaofika nusu ya pili ya hiyo milioni ni wachache, lakini mtu wa miaka 43 mwenye presha hana sababu ya kudhani kwamba hatakuwa miongoni mwao. Kiharusi kimoja kina picha za kichwa, siku za uangalizi wa karibu, kisha wiki za mazoezi ya viungo. Ukiacha karatasi ya pili unabaki na Sh15,000 mkononi, na hizo zinatosha dawa zako zote za mwaka.

Lakini sikiliza hapa, maana hapa ndipo watu wengi huumia: milioni iliyoandikwa kwenye kikaratasi si milioni kwa kila ugonjwa. Ndani ya kikomo kikubwa mna vikomo vidogo. Mkataba unaweza kusema kulazwa Sh1,000,000, halafu kurasa kadhaa mbele ukasema maradhi sugu na yaliyokuwepo kabla ni Sh200,000. Ukipata kiharusi kilichotokana na presha, kava yako ni hiyo laki mbili. Kwa hiyo mwambie ajenti akuletee mkataba wenyewe, usome kabla ya kutoa hata shilingi, na kabla hujajadili bei umuulize hivi: "Kwa presha niliyo nayo, kampuni italipa hadi shilingi ngapi nikilazwa, na kuanzia lini?" Jibu alitoe kwa maandishi, akuonyeshe na ukurasa. Ukikuta karatasi ya pili ndiyo yenye kikomo kikubwa zaidi kwa maradhi sugu, basi nitakuambia uchukue ile ya pili, ila uombe waondoe matibabu ya nje.

Ukiwa na mkataba mkononi, angalia pia wanakulipia kitanda cha aina gani. Ukiwa na haki ya wodi ya jumla na ukalazwa chumba cha peke yako, tofauti ni yako. Angalia kama chumba cha mahututi kinahesabiwa ndani ya kikomo kizima au kina kikomo chake. Malipo ya mazishi, ambayo ajenti hupenda sana kuyataja, yasikupumbaze. Ni pesa ndogo, na hazikusaidii kupona.

Kipindi cha kungoja nacho kisome kwa makini. Ajali kwa kawaida hulipwa tangu siku ya kwanza. Ugonjwa wa kawaida hungoja siku 30. Upasuaji usio wa dharura mara nyingi hungoja zaidi ya hapo, uzazi miezi 10 hadi 12, na maradhi sugu mwaka mmoja. Saratani kwa baadhi ya kampuni hungoja zaidi. Kwako wewe kuna mlango ambao ajenti hakukuonyesha. Unatoka kwenye bima ya kazini iliyo hai. Kampuni nyingi humpunguzia au kumwondolea kungoja mtu anayehamia kwao bila kuacha pengo, akileta ushahidi. Kabla hujarudisha sare za hoteli, nenda ofisi ya waajiriwa uombe barua inayosema ulikuwa kwenye bima gani, tangu lini hadi lini, na kikomo kilikuwa kiasi gani. Ipeleke kwa kampuni mpya pamoja na fomu, uombe kwa maandishi usingojeshwe. Wakikubali, presha yako inaweza kulipiwa miezi mingi mapema. Ukichelewa, mlango huo unaweza kufungwa. Fanya hivyo wiki hii.

Tuje kwenye fomu. Bima husimama juu ya ukweli wa mnunuzi. Ukificha jambo uliloulizwa, kampuni ina haki ya kukataa kulipa. Na usidhani hawatajua. Nikiwa dirishani aliletwa mwanamume mmoja, moyo umemshinda. Mkewe alikuwa na kadi mpya kabisa. Daktari alimuuliza mgonjwa ana ugonjwa gani, naye akajibu kama mtu yeyote mwenye akili atakavyojibu akiwa hajiwezi: presha, miaka sita. Daktari akaandika. Kampuni ikaomba maelezo ya daktari, ikalinganisha na fomu, na dhamana ikakataliwa usiku ule ule. Mkewe alimpigia ajenti tukiwa pamoja. Simu ilikuwa imezimwa. Wewe nawe, ukilazwa, utaulizwa na daktari, na hutamdanganya kwa sababu ni uhai wako. Ukiandika presha leo, huenda wakakuongezea elfu kadhaa, au wakakuwekea kikomo. Hilo unalijua mapema na unaweza kwenda kampuni nyingine. Ukilificha, utalijua ukiwa kitandani.

Kuhusu SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya serikali, tangu Oktoba 1, 2024. Kwanza, ni ya lazima kisheria. Pili, na hili ndilo wengi hawalijui, mikataba mingi ya kampuni binafsi hulipa bili ya kulazwa baada ya kuondoa sehemu ya SHA. Kama SHA yako haijalipwa, sehemu ile haifutiki, unaitoa wewe. Hospitali ya ngazi ya 4, kiwango cha SHA kwa kulazwa ni Sh3,360 kwa siku. Lala siku saba, hiyo ni Sh23,520. Nimeshuhudia mgonjwa mwenye kadi nzuri ya kampuni akizuiwa kutoka kwa sababu hiyo, na familia ilikuwa haijawahi kuambiwa.

Ulipokuwa hotelini walikukata asilimia 2.75 ya mshahara. Sasa utabadilisha usajili kwa *147# au mtandaoni, utajibu maswali kuhusu nyumba yako na maisha yako, na utapangiwa mchango. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, ila sisi tusio na mwajiri hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Kama ni nzito, kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Mwanao anaingia humo humo kama mtu wa nyumba yako. Faida nyingine: ukiwa umesajiliwa, zahanati na vituo vya afya vya serikali vya ngazi ya 2 na 3 hutoa huduma za msingi bila kukutoza. Dawa mara nyingine hazipo, nakubali, lakini kupimwa presha hakuna haja ukulipie Sh1,500.

Mwanao umwombee bei pia kwenye bima ya kampuni. Mwambie ajenti akuandikie bei ya mama na mtoto mmoja. Mara nyingi si maradufu ya bei ya mmoja. Kijana wa miaka 16 anapanda bodaboda na anacheza mpira, na mfupa uliovunjika vibaya ni upasuaji.

Kabla ya kulipa, fanya jambo moja ambalo ajenti hawezi kukufanyia. Jiulize ukianguka saa nane za usiku hapo Bamburi, jirani atakukimbiza hospitali gani. Nenda hospitali hiyo mchana, uende kwenye dirisha la bima, umuulize aliyekaa pale: "Mnapokea kadi ya kampuni hii kwa mtu aliyejinunulia mwenyewe?" Sema hivyo hivyo, kwa kuwa orodha ya hospitali za wafanyakazi wa makampuni makubwa na ya watu binafsi si lazima ziwe moja, na hospitali iliyomo kwenye kijitabu inaweza kuwa imesimamisha kampuni kwa deni. Muulize tena: "Wakiombwa dhamana usiku, hujibu?" Mtu wa dirishani anajua. Sisi tulikuwa tunazijua kampuni ambazo simu ya usiku hupokelewa, na zile ambazo mgonjwa atangoja hadi asubuhi. Hakuna tangazo litakalokuambia hilo.

Jina la ajenti na la kampuni yahakikishe kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ambayo hutoa orodha ya wenye leseni. Pesa lipa kwenye akaunti au nambari ya Paybill ya kampuni, kamwe si kwenye simu ya ajenti, hata akisema ana haraka ya kukusaidia. Sheria ya Bima haimruhusu mwenye kampuni kukubebea hatari kabla hajapokea malipo, kwa hiyo risiti ya ajenti pekee inaweza kukuacha bila kava. Kama utalipa kwa awamu, uliza awamu moja ikichelewa kava inasimama siku ya ngapi. Na kama unalipa kodi ya mapato ya kawaida, hifadhi cheti cha malipo; asilimia 15 ya ulicholipia bima hupunguzwa kwenye kodi yako, hadi Sh60,000 kwa mwaka. Ukiwa kwenye kodi ya mauzo, ile ya biashara ndogo, nafuu hiyo haikuhusu.

*Assalam aleikum mama. Niko Doha, nafanya kazi ya ulinzi. Baba yangu yuko Likoni na mama, ana miaka 72 na ana kisukari. Kuna ajenti anasema nitume Sh85,000 atamwekea bima nzuri ya kampuni. Nitume? — Mwana wa Likoni*

Wa aleikum salaam, mwanangu, na Mungu akuzidishie kwa kuwakumbuka wazazi.

Usitume bado. Kampuni nyingi za binafsi hazipokei mtu mpya aliyepita miaka 60 au 65. Zipo chache zenye bima ya wazee, kwa bei kubwa, na kisukari alichonacho tayari kitawekewa kungoja na kikomo. Kwa hiyo mwambie ajenti akutumie barua ya kampuni yenye jina la baba na umri wake, inayosema wamemkubali huku wakijua ana kisukari. Asipoileta, huna cha kulipia.

Anza na SHA. Haina mwisho wa umri, na haimkatai mtu kwa ugonjwa alio nao. Baba na mama ni nyumba moja, malipo yao ni ya pamoja, na wewe unaweza kuyatuma ukiwa huko huko. Lakini usajili huwezi kuufanya kwa niaba yao ukaishia hapo: inatakiwa kitambulisho cha baba, na hospitalini atathibitishwa kwa alama za mwili wake. Mtafute ndugu mmoja awapeleke wote wawili, si baba peke yake, kisha akutumie picha ya ujumbe unaoonyesha kwamba malipo ya mwaka yameingia. Kisukari kikija kugusa figo, Mungu apishe mbali, SHA hulipa Sh10,650 kwa kila kipindi cha kusafisha damu, na anayesafishwa huenda mara mbili au zaidi kwa wiki. Hakuna mfuko wa familia unaoweza kulibeba hilo kwa muda.

Zinazobaki katika zile Sh85,000 zifungulie akaunti ya matibabu ya wazazi tu, yenye ndugu wawili wa kutia sahihi. Insulini, vipimo vya sukari, viatu vya kulinda miguu, nauli ya teksi: hayo ndiyo matumizi yao ya kila mwezi, na bima ya kampuni isingeyalipa yote hata kama ingempokea. Kama una dada aliye karibu, mpe yeye jukumu la kumkagua baba miguu kila wiki. Vidonda vya kisukari nimeviona vikifika hospitali vimechelewa, na jamaa wakisema mzee hakutaka kuwasumbua.

*Habari dada. Mimi ni msusi Mtwapa, nina miaka 27 na mimba ya miezi minne, ya kwanza. Sina bima yoyote. Nikinunua ya kampuni sasa itanilipia kujifungua? — Msusi*

Haitakulipia mwanangu. Uzazi hungoja miezi 10 hadi 12, na wewe umebakiza mitano. Akitokea mtu wa kukuambia atairudisha tarehe nyuma, huo ni udanganyifu, na kadi itakayokataliwa ni yako.

Jisajili na SHA wiki hii na ulipe mwaka. Kwa kujifungua kwa kawaida hulipa Sh10,000, na kwa upasuaji Sh30,000. Hospitali ya kibinafsi inaweza kukudai mara kadhaa ya hizo, na tofauti ni yako, kwa hiyo usichague kwa uzuri wa jengo. Pita katika hospitali mbili au tatu ambazo unaweza kufika usiku kutoka Mtwapa, na kila moja uulize maswali haya haya: nikijifungua kawaida nitaongeza ngapi juu ya SHA? Nikipasuliwa nitaongeza ngapi? Mtoto akihitaji joto au oksijeni, mnayo hapa au mtanihamisha, na gari la wagonjwa analipa nani? Hospitali ya kaunti na za misheni zitie kwenye orodha. Kama daktari wa kliniki atakuambia mimba ina hatari, panga tangu sasa kwenda kunakopasuliwa na kunakopokea watoto njiti. Kwa watu wa upande wetu, Coast General, ambayo bado twaiita Makadara, ndiyo wanakopelekwa wengi mambo yanapokuwa magumu, na ni afadhali kufika umejiandaa kuliko kukimbizwa.

Weka akiba kwa ile bei ya upasuaji, usiweke kwa ile ya kawaida. Ukijifungua salama bila kisu, pesa zilizobaki zinunulie bima ya kulazwa wewe na mtoto, na kama unatarajia kuzaa tena, chagua yenye uzazi ndani yake na uianze zaidi ya mwaka mmoja kabla. Mtoto akizaliwa, chukua karatasi ya kuzaliwa kabla hujatoka wodini na umwingize kwenye SHA yako. Mara nyingi wauguzi huwa na shughuli nyingi, hivyo waulize wewe.